Jina la Kupewa, Jina la Kujipa, na Jina la Kuiba

(Mazungumzo haya yalisomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili mwanafunzi aliyeyasikia apate kuyasoma tena polepole, na yule ambaye hakuyasikia naye apate faida.)

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri na madaftari yenu yako tayari. Leo hatutasoma hesabu wala habari za kilimo. Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu anacho, hata yule asiye na shamba wala ng'ombe. Kitu hicho ni jina.

Pengine mtu atasema, "Jina nalo lina somo gani? Jina langu nalijua tangu utoto, tena ndilo neno la kwanza nililojifunza kuandika hapa darasani." Ni kweli. Lakini siku hizi wengi wetu tuna simu za mkononi, na katika simu hizo tunakutana na watu ambao hatujapata kuwaona kwa macho. Tunasoma maneno yao, tunaona picha zao, tunaingia nao katika vikundi, na pengine tunawapelekea fedha. Kila mmoja wao anakuja kwetu na jina. Basi swali letu la leo ni hili: Je, jina hilo ni lake? Na kama si lake, je, yeye ni mwongo?

Jibu lake si rahisi kama linavyoonekana. Tulichukue hatua kwa hatua.

MTU MMOJA, MAJINA MENGI

Hebu kwanza kila mmoja ayahesabu majina yake mwenyewe. Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Asha au Mama Juma. Katika kitambulisho ameandikwa jina lake na la baba yake. Wajukuu wanamwita Bibi. Waliocheza naye utotoni wana jina lao la utani, ambalo mtu mwingine akilitumia atakosa adabu. Na sokoni pengine anajulikana kwa kile anachouza, Mama Maandazi. Hayo ni majina manne au matano, na mtu ni yule yule mmoja. Hakuna anayesema kwamba mama huyu anadanganya. Kwa nini? Kwa sababu kila jina linajulikana na wale wanaolitumia, na jambo likitokea, mwenyewe anapatikana na ataitika.

Hata wakubwa wamekuwa na majina mengi. Rais wa kwanza wa Kenya alipokuwa mtoto aliitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1914 alibatizwa, akaitwa Johnstone Kamau. Baadaye akajiita Kenyatta. Na kitabu chake juu ya desturi za Wakikuyu kilipotoka mwaka 1938, kilikuwa na jina la Jomo Kenyatta. Jina hilo hakupewa na wazazi, bali alijichagulia mwenyewe, na ndilo alilokufa nalo. Basi tukumbuke hili: jina la kweli si lazima liwe jina la kwanza. Jina la kweli ni lile ambalo mtu yuko tayari kuitika anapoitwa.

JINA LA KUJIPA

Sasa twende mbele. Kuna jina ambalo mtu hujipa mwenyewe kwa ajili ya kazi fulani, hasa kazi ya kuandika. Jina hilo tunaliita lakabu. Sisi Waswahili hatukulipata katika simu. Washairi wetu wamelitumia tangu zamani. Waliopeleka mashairi yao katika magazeti, kama lile la Mambo Leo lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, wengi walitia lakabu zao. Katika washairi wa karibu zaidi, yuko Ustadhi Andanenga wa Tanzania, ambaye wapenzi wa mashairi wanamjua kwa lakabu ya Sauti ya Kiza. Lakabu ya namna hii haimfichi mtu. Inamtambulisha, kama vile alama ya fundi inavyotambulisha mlango aliouchonga.

Lakini iko lakabu nyingine ambayo kazi yake ni kuficha. Hii ndiyo inayotutia mashaka. Basi tuangalie kwa nini mtu mwema anaweza kuficha jina lake.

Miaka ya 1787 na 1788, watu wa Marekani walikuwa wakibishana kama waikubali katiba yao mpya au waikatae. Katika magazeti ya New York zikatoka makala 85 za kuitetea katiba hiyo, zote zikiwa na jina moja, Publius. Publius hakuwa mtu mmoja. Walikuwa watu watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Kwa jina lile, msomaji alipewa maneno tu ayapime, bila ya kuuliza kwanza, "Anayesema ni rafiki yangu au adui yangu?"

Mfano wa pili unatoka Uingereza. Alikuwako mwanamke aliyeitwa Mary Ann Evans, aliyezaliwa mwaka 1819. Alipoanza kuandika hadithi aliona kwamba hadithi za wanawake zinadharauliwa, na tena watu walikuwa wakimsengenya kwa maisha yake ya nyumbani. Basi akachagua jina la kiume, George Eliot. Hadithi zake za kwanza zilipotoka, wengi waliamini kwamba mwandishi ni mwanamume. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa wakati ule, alikuwa mmoja wa wachache waliohisi kwamba maneno yale yameandikwa na mwanamke.

Lakini sikilizeni lililofuata. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa amejificha, watu wakaanza kumtafuta mwandishi. Wakasema ni bwana mmoja, Joseph Liggins, aliyekaa karibu na mahali panapotajwa katika hadithi zile. Bwana Liggins hakuandika hata ukurasa mmoja, lakini hakukana kama ilivyompasa. Watu wakamhurumia, wakaanza hata kumchangia fedha, maana walisikia ati aliyechapisha vitabu hakumlipa kitu! Mwisho, mwaka 1859, Bibi Evans aliona hakuna budi ila kujulisha watu kwamba George Eliot ni yeye.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, lakabu yake haikuwa uongo wenye madhara, kwa kuwa hadithi zilikuwa zake, na aliyenunua kitabu alipata kitabu. La pili, mahali ambapo mwenye jina haonekani, mtu mwingine anaweza kuja kulivaa. Lakabu ni kama nyumba isiyo na taa: mwenyewe anaweza kupumzika ndani yake, lakini na mwizi naye anaweza kuingia.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya waandishi wakubwa tu. Tuseme karani mdogo ameona dawa za wagonjwa zinaibwa, na mwizi ndiye mkubwa wake wa kazi. Au mwanamke anapigwa nyumbani, naye anataka kuuliza wengine wafanyeje. Au kijana ana ugonjwa anaouonea haya. Watu hawa watatu wakilazimishwa kutaja majina yao mbele ya wote, hawatasema neno. Watanyamaza, na dawa zitaendelea kuibwa, na mama ataendelea kupigwa. Kwao lakabu ni kama pazia la chumba cha mganga. Pazia halifichi uovu. Linaficha jeraha mpaka lipate dawa.

JINA LA KUIBA

Sasa tufike kwenye jina la tatu, ambalo ni la hatari. Hili si jina la kujipa. Ni jina, au picha, au cheo, au mateso ya mtu mwingine, ambayo mtu anayachukua na kuyavaa ili aaminiwe.

Mwaka 2011, wakati wa machafuko katika nchi ya Syria, watu wengi duniani walikuwa wakisoma katika intaneti maandishi ya msichana aliyesema yuko Damascus. Alieleza hofu yake na ushujaa wake, na picha yake ilionekana. Mwezi wa Juni ikatoka habari kwamba amekamatwa na watu wenye silaha. Watu wa nchi mbalimbali wakahangaika, wakadai aachiliwe. Walipochunguza wakakuta kwamba msichana huyo hakuwako kabisa. Aliyekuwa akiandika ni mwanamume, Mmarekani wa miaka 40, mwanafunzi katika chuo kikuu cha Edinburgh huko Scotland. Na picha ilikuwa ya mwanamke mwingine anayekaa London, ambaye hakujua kitu.

Mtu yule alijitetea kwamba alitaka kueleza mambo ya kweli ya nchi ile. Lakini fikirini hasara yake. Walikuwako Wasyria wa kweli waliokamatwa kweli, na sasa kila aliyelia aliulizwa, "Je, wewe nawe u mtu wa kweli?" Mwongo aliiba picha ya mtu mmoja, lakini imani aliyoiharibu ilikuwa ya maelfu.

Huko ni mbali. Sasa turudi nyumbani. Tuseme mama mmoja ameketi jioni, simu yake inalia, anaona maneno haya: "Shikamoo mama. Ni mimi mwanao. Simu yangu imeharibika, hii ni namba ya rafiki. Nimepata shida, nitumie fedha kwa namba hii hii. Usipige, chaji inakwisha." Mama ana mwana mjini. Moyo unashtuka. Anaona neno "mama", na neno hilo linamfunga macho. Anatuma fedha aliyoiweka kwa ajili ya mbolea. Asubuhi mwanawe anapiga simu kumjulia hali, na hana habari ya shida yo yote.

Angalieni, ndugu wanafunzi, laghai huyu hakutaja hata jina. Aliiba kitu kikubwa kuliko jina, yaani uhusiano wa mama na mwana. Wahenga walisema, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Walisema kabla ya simu, na leo maneno yao yana nguvu zaidi.

JE, MAJINA YOTE YAWEKWE WAZI?

Hapo mtu mwenye hasira atasema, "Basi itolewe amri, kila mtu atumie jina la kitambulisho chake, mambo yaishe!" Ni fikira ya kueleweka, na nchi moja ilikwisha kuijaribu. Nchi hiyo ni Korea Kusini. Mwaka 2007 sheria yao iliamuru kwamba mtu anayetaka kuandika maneno katika mitandao mikubwa ya nchi ile, kwanza athibitishe jina lake la kweli. Walitumaini kwamba matusi na uchongezi vitakoma.

Ilikuwaje? Matusi hayakukoma. Tena, kwa kuwa majina na namba za watu zilikusanywa mahali pamoja, wezi walijua pa kwenda. Mwaka 2011 waliiba habari za watu kiasi cha milioni 35 kutoka katika mitandao miwili ya kampuni moja, na nchi nzima ina watu milioni 50 hivi. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini iliifuta sheria ile. Majaji walisema kwamba inazuia uhuru wa watu kusema, na faida iliyotarajiwa haikuonekana.

Kampuni nazo zimekosea. Kampuni ya Facebook ilitaka kila mtu atumie jina lake halisi. Lakini kati ya 2014 na 2015 baadhi ya wenyeji wa asili wa Marekani walifungiwa, kwa kuwa majina yao ya ukoo yalionekana kama ya mchezo kwa mtu asiyejua desturi yao. Waliofungiwa walikuwa ndio wasema kweli! Baada ya malalamiko, kampuni ikalegeza kanuni zake.

Hapa Tanzania, mwaka 2019 ilianzishwa kazi ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Usajili huu ni jambo lingine, maana jina lako linajulikana na kampuni ya simu, wala halitangazwi kwa watu wote. Unasaidia kumtafuta mwizi. Lakini haukuwamaliza walaghai, kwa sababu wako waliosajili laini kwa vidole vya watu wengine wasiojua.

Tena liko swali gumu zaidi: Ni nani mwenye haki ya kufunua lakabu, na kwa sababu gani? Mwezi wa Desemba 2016, Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, mahali ambapo Watanzania wengi huandika kwa lakabu, alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Miongoni mwa mashtaka ni kwamba hakuwapa polisi habari walizotaka juu ya watu walioandika huko. Upande mmoja ulisema, bila ya majina hatuwezi kufanya upelelezi. Upande wa pili ulisema, tukitoa majina, hakuna atakayethubutu tena kufichua wizi wa mali ya umma. Mimi siwaambii ni upande upi wa kufuata. Ninawaambia tu kwamba pande zote mbili zina jambo la kulinda, na raia anayejua kusoma hana budi kuzijua hoja za pande zote mbili.

TUPIME NAMNA GANI?

Kama jina peke yake halitoshi kutuonyesha mkweli na mwongo, tutumie nini? Nawapa maswali matatu. Yaandikeni.

Swali la kwanza: Jina hili linataka nini kwangu? Kama linanipa maneno ya kufikiri tu, naweza kuyapima maneno yenyewe. Lakini kama linataka fedha, namba yangu ya siri, au picha zangu, basi maneno hayatoshi. Lazima nimjue mtu.

Swali la pili: Jina hili limekaa muda gani, nalo limesimamia maneno yake? Mtu wa lakabu aliyeshauri vizuri juu ya kuku kwa miaka mitatu, na alipokosea akakubali kosa lake, huyo amejijengea jina. Aliyekuja jana na kuondoka leo bado hana jina, hata akitaja majina manne.

Swali la tatu: Naweza kumwuliza kwa njia nyingine? Mkweli haogopi kuulizwa. Anayekukataza kupiga simu, anayekuharakisha, anayesema "usimwambie mtu", huyo amekwisha kujitaja.

Sasa tumrudie yule mama wa simu. Angefanya nini? Angepiga namba ya zamani ya mwanawe, hata kama ameambiwa imeharibika. Angeuliza jambo ambalo mwana peke yake analijua. Na kama bado alitaka kutuma, angesoma jina la mpokeaji linalotokea katika simu kabla ya kuweka namba ya siri. Hapo ndipo mnapoona faida ya darasa hili. Jina hilo hutokea kwa muda mfupi, na asiyejua kusoma hubonyeza tu. Ninyi mnajua kusoma. Msibonyeze kabla ya kusoma!

Kadhalika, walio Tanzania wanaweza kupiga *106# wapate kuona ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Ukikuta namba usiyoijua, nenda ukaikane mapema. Na namba ya laghai ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040.

Na wewe mwenyewe ukitumia lakabu, shika adabu zake. Usijiite daktari kama hukusomea udaktari. Usitumie picha ya mtu bila ya ruhusa yake. Usiseme kwa lakabu tusi ambalo ungeona haya kulisema kwa jina lako mbele ya wazazi wako. Lakabu ni nguo ya kujistiri, si nguo ya kuibia.

Nimalize kwa methali mnayoijua: "Jina jema hung'ara gizani." Hawakusema jina la kitambulisho, wala jina la baba. Walisema jina jema. Na wema wa jina hutoka katika matendo ya mwenye jina.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Andika majina yote unayoitwa. Ni nani anayetumia kila moja?

2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya Mary Ann Evans na yule mtu wa Edinburgh? Wote wawili walificha majina yao. Kwa nini tunamsamehe mmoja na kumlaumu mwingine?

3. Katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa, mtu mgeni anaomba kuingizwa kwa njia ya simu. Mtamwuliza nini kabla ya kumkubali?

4. Nyumbani, pangeni neno moja la siri la jamaa yenu, ambalo mtu akiomba fedha kwa namba ngeni lazima alitaje. Msiliandike katika simu.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo letu lijalo.